Krapf: Mmisionari aliyeondoka pwani mikono mitupu

IWAPO kazi ya mchungaji hupimwa kwa wingi wa watu wanaojaza kanisa siku ya Jumapili, basi Johann Ludwig Krapf ni miongoni mwa viongozi wa Kikristo walioshindwa vibaya zaidi katika historia ya Afrika Mashariki.

Alipopanda chombo kuondoka Mombasa mwaka 1853, afya yake ikiwa imevunjika, alikuwa amefanya kazi katika pwani hii kwa takriban miaka tisa. Katika muda huo alizika mke na mtoto, akaona wenzake wakifa au kukata tamaa, na waumini waliobatizwa Rabai hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza wao alibatizwa akiwa taabani kitandani.

Leo jina lake limo katika vitabu vya shule, na Rabai pana makumbusho yanayomkumbuka. Heshima hiyo imefunika swali lililomsumbua yeye mwenyewe na wakubwa wake wa London: je, kazi ile ilifaulu?

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akaenda Ethiopia chini ya shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS. Huko alijifunza lugha ya Waoromo, watu ambao moyo wake haukuwaacha hata uzeeni. Alipotoka Shoa mwaka 1842 kwenda kumpokea mchumba wake Rosine Dietrich, ambaye alifunga naye ndoa nchini Misri, njia ya kurudi ilifungwa. Katika hangaiko la kutafuta njia nyingine, Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, yaani chozi.

Ndipo Krapf alipoamua kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini. Mnamo Januari 1844 alifika Unguja, ambako Seyyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Ni jambo la kutafakari kwamba mlango wa kwanza wa umisionari wa Kiprotestanti katika pwani hii ulifunguliwa na mtawala Mwislamu.

Mji wa Mombasa haukumpa muda wa kupumua. Mwezi Julai 1844 Rosine alishikwa na homa muda mfupi baada ya kujifungua tena mtoto wa kike, akafariki tarehe 13. Siku chache baadaye mtoto naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kusimama kulimshinda. Mama na mwana walizikwa upande wa bara, mkabala na kisiwa. Badala ya kuomba arudishwe kwao, mjane huyo aliandika London kwamba kaburi lile lilikuwa ishara ya kuanza kwa vita, na kwamba kanisa lingesonga mbele juu ya makaburi ya watu wake. Kwa msomaji wa leo maneno ya namna hiyo yanaweza kusikika kama ukaidi. Lakini hayakuandikwa na mtu aliyekuwa akitafuta sifa mbele ya hadhara. Yaliandikwa na mtu aliyebaki peke yake.

Mwezi mmoja kabla ya msiba huo, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mafunzo hayo yalizaa sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa Tübingen mwaka 1850, pamoja na kamusi iliyomchukua maisha yake yote. Aidha, alikusanya miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ukiwamo Utendi wa Tambuka, akaipeleka Ujerumani katika maktaba ya jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki. Mhubiri wa Injili alihifadhi tenzi za Waislamu. Hilo halikuwa limo katika mipango ya waliomtuma.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Wazee wa kaya ya Rabai waliwakubalia kujenga, na mwezi Agosti wawili hao wakapanda mlima, wote wakiwa na homa, wakiwa na punda mmoja waliyempanda kwa zamu.

Wazee waliwasikiliza kwa adabu, ila hawakuona sababu ya kuacha njia za mababu kwa ajili ya habari za wageni wawili wagonjwa. Wengine walitarajia nguo na zawadi, na zilipokosekana hawakurudi. Aliyesikiliza kweli ni Mringe, mtu aliyekuwa kiwete, asiyekuwa na cheo wala mali, ambaye kuongoka kwake hakungeweza kumvuta mtu mwingine yeyote. Huyo ndiye aliyebatizwa mwaka 1851 akikaribia kufa.

Kwa mtu aliyekuwa na ndoto kubwa, hayo yalikuwa matokeo machungu. Krapf alitaka mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Alisafiri hadi Usambara kwa mfalme Kimweri, na hadi Kitui, ambako tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848. Mabingwa wa jiografia jijini London, hususan William Desborough Cooley, waliwadhihaki: theluji chini ya jua la ikweta ilikuwa kichekesho. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya wasafiri wengine kuwathibitishia.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, nusura imuue. Mwenyeji wake, Kivoi, kiongozi mashuhuri wa Wakamba, aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana. Krapf alitoroka peke yake porini, akalifikia jito, akajaza maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa darubini yake kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Aliporejea kwa watu wa Kivoi alilaumiwa kwa kutokufa pamoja na mwenyeji wake. Ilimbidi atoroke tena.

Mwaka huohuo kikundi kipya cha wamisionari na mafundi aliowaombea Ulaya kilifika. Mmoja alifariki mapema, mwingine akajiuzulu, mafundi wakaugua. Mnyororo ulikatika kabla ya pete ya pili.

Hapo ndipo tofauti yake na Rebmann ilipodhihirika. Krapf aliamini katika kusonga mbele. Rebmann, baada ya safari tatu za Uchaga na kunyang'anywa mali zake, aliamini katika kukaa. Huenda kila mmoja alikuwa na haki, lakini ni Rebmann aliyelipa gharama. Alikaa pwani miaka 29 bila kurudi kwao, akampoteza mkewe, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, akiacha kikundi kidogo tu cha waumini. Akafariki mwaka uliofuata.

Krapf naye hakutulia. Mwaka 1862 alirudi na Wamethodisti, akawasaidia kuanzisha kituo cha Ribe, ambako Thomas Wakefield alifanya kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Uingereza lililokwenda kumpiga mfalme Tewodros wa Ethiopia, yeye akiwa mkalimani, hadi ugonjwa ukamrudisha. Safari hiyo haimpendezeshi: mhubiri aliyefukuzwa nchini alirejea nyuma ya mizinga.

Na kanisa la Rabai? Lilikua, lakini kwa mikono mingine. Mwaka 1864 walifika William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Baada yao wakaja watumwa walioachwa huru na wengine waliotoroka mashamba ya pwani, wakitafuta usalama zaidi ya mahubiri. Jones alikuwa mwalimu, baadaye akapewa daraja la ukasisi. Askofu James Hannington alipouawa Busoga mwaka 1885, Jones ndiye aliyeongoza msafara kurudi Rabai na habari za msiba. Watu hao hawakuwa matunda ya mahubiri ya Krapf. Hata hivyo, walikuta nyumba, lugha iliyokwisha kuandikwa, na mahali ambapo wazee walikuwa wamezoea kuwaona Wakristo.

Krapf aliishi Korntal, karibu na Stuttgart, miaka yake ya mwisho, akirekebisha kamusi na kuandika barua. Asubuhi ya tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882. Hakuishika mkononi. Na wataalamu walipokutana Mombasa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya kusanifisha, walikipa nafasi Kiunguja, si Kimvita ambacho ndicho msingi wa kamusi hiyo. Hivyo hata kazi iliyomfanikisha zaidi haikushika njia aliyoifungua, ingawa wanaotafiti Kimvita cha zamani bado wanaifungua.

Amezikwa Korntal, mahali alipozikwa pia Rebmann. Rosine na mtoto wake walibaki Mombasa.