Bibi Titi, kiti cha Rufiji na kodi ya nyumba

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, vijiweni hakuna habari nyingine zaidi ya dau. Fulani kavuta mpunga mrefu, fulani kagoma mpaka aongezewe. Mara chache utasikia mtu akiuliza hela hizo zitakuwa wapi siku goti litakapogoma, au kocha mpya atakaposema kijana hayumo kwenye mipango yake.

Leo tuwaache wachezaji kidogo. Shabiki anayetoka Kariakoo kwenda Posta akipita Mnazi Mmoja anavuka barabara yenye jina la mama mmoja, na maisha yake yana somo la fedha kuliko semina nyingi. Ni Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam Juni 1926. Kabla siasa haijamchukua, mjini alijulikana kwa sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 akajiunga na TANU, akapewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Akawafuata kina mama walipo, kwenye vikundi vya ngoma na kwenye biashara zao ndogondogo, na ndani ya miezi michache maelfu wakawa na kadi. Mikutano ikawa inajaa kama mechi ya watani wa jadi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 alikuwa na miaka 35 na jina kubwa nchi nzima. Akawa mbunge wa Rufiji, akawa waziri mdogo wa Maendeleo ya Jamii, na akaiongoza UWT. Rufiji ya wakati ule ilikuwa pana, Kibiti na visiwa vya delta vyote vikiwa ndani yake. Kwa lugha ya mpira, alikuwa kikosi cha kwanza na kitambaa cha unahodha mkononi.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 1965. Ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja: karibu kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba. Wengi waliamini wakubwa watapita tu. Hawakupita. Paul Bomani, waziri wa fedha mwenyewe, alianguka jimboni kwake. Na Rufiji ikampiga chini Bibi Titi. Alikuwa na miaka 39, umri ambao mwanasoka ameshatundika daluga zamani.

Hapo ndipo mtu anapoijua tofauti ya cheo na mali. Cheo unapewa na watu, na watu wanaweza kukichukua kwa kura za siku moja. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Kwa mtu wa Pwani wa enzi zile, hiyo ndiyo ilikuwa pensheni. Hata usipoitwa mkutanoni, mwisho wa mwezi mpangaji analeta kodi.

Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha pamoja na miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nia ilikuwa kuzuia viongozi wasigeuke tabaka la matajiri juu ya wakulima, na wapo wengi mpaka leo wanaosema ilikuwa nia njema. Lakini kwa Bibi Titi swali lilikuwa la mezani kabisa: abaki na uongozi au abaki na nyumba? Alikwishaonja mwaka 1965 jinsi uongozi unavyoteleza. Akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU, akabaki na nyumba. Wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo akala kodi yake kwa raha. Haikuwa hivyo. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri, na maofisa wa jeshi. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka huohuo, yeye akiwa gerezani, serikali ikapitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hivyo hata lile jiwe ambalo kila mtu aliliona imara, likatikisika. Alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais, akaishi miaka mingi kimya, na marafiki wa enzi za mikutano kujaa wakawa wa kuhesabu.

Sasa rudi Rufiji, maana jibu liko kwa wapiga kura wake. Mkulima wa bonde lile anajua mto ukifurika unaweza kuzoa mpunga wote. Hakai akalia. Maji yakipungua anapanda mlau, mazao ya unyevu ulioachwa na mafuriko. Huko delta mwingine ana shamba, ana nyavu za kamba, na mkewe anasuka mikeka ya ukindu. Si kwamba ni tajiri. Ni kwamba hakuna balaa moja linaloweza kumfilisi mara moja.

Kijana unayetoka Kibiti na begi la viatu kuja kujaribiwa mjini, shika hilo. Mkataba ni cheo, una tarehe ya mwisho. Ukipata dau, jenga, lakini usiishie kwenye nyumba peke yake. Weka akiba benki, kuwa na biashara unayoijua mwenyewe, hati ziandikwe jina lako, na sheria ikibadilika uwe wa kwanza kuisoma. Na usiwahesabu wapambe wa leo kama sehemu ya akiba.

Bibi Titi alifariki dunia Novemba 5, 2000, akiwa hospitalini Johannesburg. Jina lake liko barabarani, magari yanapita usiku na mchana. Ni heshima kubwa, ila haikumsaidia zile siku alizohitaji kodi ya mwisho wa mwezi.