Alfred Nobel na Mzigo Usiotajwa Jina

Wiki iliyopita nilikuwa nafungasha pipa la kupeleka Tanga kwa meli. Kaka aliagiza betri ya sola, ile ya maji ya asidi, na makopo matatu ya rangi ya kupuliza. Nikavizungushia mashuka, na kwenye fomu nikajaza nguo na vyombo, basi. Nani kati yetu hajafanya hivyo?

Usiku huo nikawa nasoma maisha ya Alfred Nobel, usingizi ukaniruka.

Nobel tunamjua kwa tuzo, zile walizopata Mama Wangari Maathai 2004 na Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar 2021. Alizaliwa Stockholm 1833, akakulia St Petersburg. Nitrogliserini hakuigundua yeye. Ni Mtaliano Ascanio Sobrero, ambaye aliiogopa. Nobel ndiye aliyepata namna ya kuilipua kwa makusudi na kuifanya biashara. Tabu yake ni kwamba ililipuka hata usipotaka. Septemba 1864 karakana ya familia yao Stockholm ililipuka, ikamuua mdogo wake Emil na watu wengine. Wakuu wakakataza kazi hiyo mjini, naye akahamia kwenye tishari katika ziwa Mälaren.

Sasa jamani, mtu aliyezika mdogo wake aliendelea kusambaza mafuta yale nchi hadi nchi, masanduku yakipakiwa pamoja na mizigo ya kawaida. Yakivuja, utadhani ni mafuta ya kula. Aprili 1866 meli European, iliyobeba nitrogliserini, ililipuka bandarini Aspinwall, ambayo leo ni Colón, Panama, ikaua makumi ya watu. Siku chache baadaye, San Francisco, sanduku linalovuja lilifikishwa ofisi ya wasafirishaji. Wafanyakazi wakaanza kulifungua kwa nyundo na patasi, hawajui kilichomo. Wakafa watu wapatao 15.

Nobel alikuwa Marekani mwaka huohuo, akitetea kwamba mafuta yake hayana neno yakishikwa vizuri. Hapo mimi simsafishi. Mpagazi atashikaje vizuri kitu asichoambiwa ni nini? Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka ule: nitrogliserini iandikwe jina lake na neno la hatari juu ya kifurushi, wala isipande chombo cha abiria.

Dawa aliipata 1867. Alichanganya sehemu tatu za nitrogliserini na moja ya udongo mwepesi unaonyonya kama sifongo, ikawa dainamaiti, kitu kikavu kinachofungashika. Hata hivyo reli za Uingereza zilikataa kuibeba, ikabidi ipite baharini. Alifariki San Remo 1896, na ajabu ni kwamba madaktari walikuwa wamemwandikia nitrogliserini hiyohiyo kwa ajili ya moyo.

Siku hizi Umoja wa Mataifa umegawa mizigo ya hatari katika madaraja tisa. Dainamaiti ni la kwanza. Makopo yangu ya rangi ni la pili, asidi ya betri la nane.

Kesho yake nikalifungua pipa. Makopo nimeyatoa. Ya betri nimemweleza wakala ukweli. Anataka fomu nyingine, kifungashio chake na pesa zaidi. Kaka naye anapiga simu kila jioni kuuliza mzigo umefika wapi.