VINCENT VAN GOGH: Mchoraji aliyejua thamani ya kuketi mbele ya picha

MSAFIRI aliyefika Amsterdam au Paris kwa shughuli zake, akabakiwa na nusu siku tu kabla ya kurejea nyumbani, hukabiliwa na uamuzi mgumu. Je, muda huo autumie kuona picha halisi za Vincent van Gogh katika makavazi, au aingie katika mojawapo ya maonyesho ya kidijitali ambamo picha hizo hukuzwa kwa projekta hadi zikafunika kuta na sakafu, huku muziki ukirindima?

Van Gogh alifariki mwaka wa 1890, miongo mingi kabla ya kubuniwa kwa tarakilishi. Hata hivyo, maisha yake yana funzo kwa msafiri huyo. Alikuwa mtu aliyepewa muda mchache, na aliishi akizungukwa na nakala za picha huku akizitamani picha zenyewe.

Alizaliwa Machi 30, 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi. Babake, Theodorus, alikuwa mhubiri wa kanisa la Kiprotestanti. Miongoni mwa nduguze alikuwemo Theo, aliyezaliwa 1857, ambaye baadaye angekuwa mhimili wa maisha yake.

Akiwa na umri wa miaka 16, Vincent aliajiriwa na kampuni ya Goupil mjini The Hague. Kampuni hiyo iliuza picha za wachoraji pamoja na nakala zake zilizopigwa chapa. Huko kijana huyo alijionea jinsi karatasi ya bei nafuu ilivyoweza kufikisha kazi ya msanii mkubwa katika nyumba ya mtu asiye na uwezo wa kuinunua. Alihamishiwa London mwaka wa 1873, kisha Paris, na mwaka wa 1876 akaachishwa kazi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga. Alifundisha Uingereza, akauza vitabu Dordrecht, na akajaribu kusomea theolojia bila mafanikio. Hatimaye alikwenda kuwahubiria wachimbaji wa makaa ya mawe katika eneo la Borinage, Ubelgiji. Aligawa nguo zake na kuishi kifukara kama waumini wake, lakini wakuu wake hawakupendezwa na mwenendo huo, nao wakakataa kumwongezea muda. Mwaka wa 1880, akiwa na umri wa miaka 27, aliamua kuwa mchoraji. Alikuwa amebakiwa na miaka kumi tu ya kuishi.

Kwa kuwa hakuwa na fedha, nakala ndizo zilizokuwa mwalimu wake. Alikata picha kutoka magazeti ya Uingereza na kuzihifadhi kwa mamia, na baadaye akakusanya picha za Kijapani zilizopigwa chapa kwa vibao vya mbao. Katika majira ya kuchipua ya 1885, akiwa Nuenen, alikamilisha picha ya familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa hafifu, kazi yake kubwa ya kwanza.

Oktoba mwaka huo alisafiri hadi Amsterdam, na huko akaenda na rafikiye Anton Kerssemakers kuona jengo jipya la makavazi ya Rijksmuseum, lililokuwa limefunguliwa miezi michache awali. Muda wao ulikuwa mfupi na vyumba vilikuwa vingi. Vincent alipofika mbele ya picha ya Rembrandt iitwayo Bibi Harusi wa Kiyahudi, aliketi na kukataa kuondoka. Kwa mujibu wa simulizi ya rafikiye, Kerssemakers alikwenda kutazama picha nyingine, na aliporudi alimkuta Vincent angali pale pale. Mchoraji huyo alimweleza kwamba angekuwa radhi kutoa miaka kumi ya uhai wake ili aruhusiwe kukaa mbele ya picha hiyo kwa majuma mawili, hata kwa kipande cha mkate mkavu.

Ni nini alichokiona pale ambacho nakala hazingeweza kumpa? Rembrandt aliipaka rangi ya dhahabu ya mkono wa vazi la bwana harusi kwa uzito mkubwa, hata ikatuna na kunasa mwanga. Rangi ya namna hiyo huonekana tofauti kila mtazamaji anaposogea hatua moja. Van Gogh naye angekuja kuwa bingwa wa rangi nzito kama hiyo.

Mapema 1886 alihamia Paris kwa Theo, aliyekuwa muuzaji wa picha, na huko akaacha rangi za giza. Februari 1888 alielekea Arles, kusini mwa Ufaransa, ambako alichora alizeti zake maarufu. Mchoraji Paul Gauguin aliishi naye kwa takriban miezi miwili, lakini ushirika huo ulivunjika Desemba 23 mwaka huo, usiku ambao Van Gogh, akiwa ameshikwa na maradhi ya akili, alijikata sikio.

Mei 1889 alilazwa kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Saint-Rémy. Siku ambazo hakuweza kutoka nje, alizirudia nakala. Theo alimtumia picha zisizo na rangi za kazi za Millet na Delacroix, naye akazichora upya kwa rangi alizozibuni mwenyewe. Kwake kazi hiyo ilikuwa sawa na ya mwanamuziki anayepiga wimbo uliotungwa na mwingine. Basi hakuidharau nakala. Aliijua kuwa faraja ya mtu aliye mbali.

Mei 1890 alihamia Auvers, karibu na Paris, ambako alichora takriban picha moja kila siku. Alifariki Julai 29 mwaka huo kutokana na jeraha la risasi aliyojipiga siku mbili awali. Alikuwa na umri wa miaka 37. Theo naye aliaga dunia Januari 1891, na mjane wake, Johanna, ndiye aliyezihifadhi picha hizo na kuzitangaza kwa ulimwengu. Makavazi ya Van Gogh mjini Amsterdam, yaliyofunguliwa 1973, yana zaidi ya picha 200 za rangi alizozichora.

Maonyesho ya kidijitali yalikuja baadaye. Mjini Paris, kiwanda cha zamani cha kuyeyushia chuma kiligeuzwa ukumbi wa maonyesho hayo mwaka wa 2018, na mwaka uliofuata Van Gogh akawa mada yake kuu. Ukumbini humo hamkuwa na turubai hata moja iliyoguswa na brashi yake. Picha ya usiku wenye nyota aliyoichora Saint-Rémy, ambayo ina upana usiofika mita moja, hukuzwa katika maonyesho ya aina hii ikawa kubwa kama nyumba, na nyota zake zikazunguka.

Hakuna haja ya kuyabeza. Mtoto ambaye angechoka upesi katika makavazi huweza kuketi sakafuni na kushangaa, na mtu asiye na uwezo wa kusafiri hupata fununu ya kazi ambazo hangeziona kamwe. Lakini humo mashine ndiyo inayoamua mtazamaji aone nini na kwa muda gani. Picha hupita kabla hajaichoka, na ule unene wa rangi, ambao mchoraji aliuhangaikia, hulainishwa na kuwa mwanga tu.

Zaidi ya hayo, maonyesho ya projekta yanaweza kusafirishwa hadi mji wowote wenye ukumbi na umeme. Yanaweza kumfuata msafiri hadi kwao. Turubai halisi ni moja tu, na nyingi kati yake haziondoki zilipo ila kwa nadra. Kwa hivyo, mwenye nusu siku na aitumie kwa kile ambacho hakitamfuata. Akate tiketi mapema kupitia mtandao, kwani makavazi ya Van Gogh huwapokea wageni kwa saa zilizopangwa. Akikosa nafasi, au akiwa na watoto wadogo, hapo maonyesho ya kidijitali yatamfaa.

Wala asijaribu kuona kila kitu. Makavazi ya Van Gogh na Rijksmuseum yako katika uwanja mmoja, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na picha ile ya Rembrandt ingali katika jengo lile lile. Picha tatu au nne zikitazamwa kwa utulivu zinatosha nusu siku, kwani Vincent, aliyekuwa na haraka kuliko wengi wetu, aliridhika na moja.