Wangila: Bondia aliyeipa Kenya dhahabu ya pekee nje ya riadha

KILA mashabiki wa ndondi nchini wanapobishana kuhusu bondia bora zaidi kuwahi kutoka Kenya, jina la marehemu Robert Napunyi Wangila halikosi kutajwa.

Wapo wanaompendelea Philip Waruinge kwa ufundi wake, uliomletea shaba mwaka wa 1968 na fedha mwaka wa 1972 katika Olimpiki. Lakini Wangila ana sifa ambayo hakuna anayeweza kumpokonya. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, alikuwa ndiye Mkenya wa pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mchezo usio wa riadha.

Wangila alizaliwa mwaka wa 1967. Alianza kuvuma mwaka wa 1987, aliposhinda dhahabu ya uzani wa welta katika Michezo ya Afrika iliyoandaliwa jijini Nairobi, mbele ya mashabiki wa nyumbani.

Hata hivyo, alipofunga safari ya Seoul, Korea Kusini, mwaka uliofuata, wachache nje ya Afrika walimtambua. Macho ya Wakenya wengi yalielekezwa kwa wanariadha, ambao kwa kweli hawakuwaangusha. Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki walirejea na dhahabu.

Ya tano ilitoka ulingoni. Katika fainali Wangila alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, bondia stadi ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Wangila alimwangusha kwa nokauti katika raundi ya pili, na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kunyakua dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Mwenzake Chris Sande alipata shaba katika uzani wa kati.

Kilichowavutia mashabiki ni uzito wa makonde yake na ujasiri wa kusonga mbele bila kurudi nyuma. Sifa hizo zilimfungulia mlango wa ndondi za kulipwa nchini Marekani, ambako alishinda mapigano 22 na kushindwa matano. Taji la dunia, hata hivyo, hakulipata.

Ujasiri huo huo ndio uliotangulia msiba. Mnamo Julai 22, 1994, jijini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Refa alisimamisha pigano katika raundi ya tisa baada ya Wangila kupigwa makonde mengi. Mkenya huyo alipinga uamuzi huo, akiamini bado alikuwa na nguvu za kuendelea.

Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia mavazi. Alikimbizwa hospitalini na kufanyiwa upasuaji wa ubongo, lakini hakupata fahamu tena. Alifariki Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26 pekee.

Maisha yake yamewaachia mabondia chipukizi mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kijana wa Kenya anaweza kuwa bingwa wa Olimpiki ulingoni. La pili ni kwamba moyo wa kutokubali kushindwa, ambao humjenga bingwa, ndio pia unaoweza kumzuia kuhisi hatari iliyo mwilini mwake. Ndiyo maana refa hupewa mamlaka ya kusema basi, hata bondia mwenyewe anapokataa.