Meghji Pethraj Shah na Magome ya Thika

Kabla ya vinu vya nyuzi na nguo kunguruma Thika, mji huo ulisifika kwa magome ya miwati. Katika miaka ya 1930, kampuni ya Premchand Raichand ilijenga humo kiwanda cha kutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Miongoni mwa wakuu wake alikuwa Meghji Pethraj Shah, aliyezaliwa Gujarat, India, mwaka 1904 na kufika Kenya mwaka 1919. Alipotajirika aliiacha biashara, akatoa mali yake kwa elimu na tiba. Alifariki mwaka 1964. Hospitali moja ya Nairobi ina jina lake. Tumkumbukapo, tusiwasahau wakulima wadogo wa Kiambu na Murang'a, ambao magome yao yalikilisha kiwanda hicho.