Abebe Bikila: bingwa wa Roma na mguu uliomkatalia Mexico

Ukicheza mpira Jumapili hapa Igowole baada ya kukaa wiki kadhaa bila mazoezi, Jumatatu unaamka umekakamaa, na Jumanne hata kuchuchumaa ni kazi. Leo tunamkumbuka mtu ambaye maisha yake yanatusaidia kuyaelewa maumivu hayo.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia. Alikua akichunga mifugo kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama watoto wengi wa huku kwetu. Baadaye akaingia kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko akafundishwa na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen.

Tarehe 10 Septemba 1960, jijini Roma, alikimbia marathoni ya kilomita 42 bila viatu na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964 akaenda Tokyo, wiki tano tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Alipomaliza hakujilaza. Alianza kujinyoosha kwenye nyasi huku wenzake wakiwa bado barabarani.

Kujinyoosha hakuzuii sana maumivu ya kesho yake, ila kutembea taratibu hulegeza mwili. Maumivu yale hutokana na nyuzi ndogo za misuli kuumia kwa kazi isiyozoeleka, hasa ya kuteremka. Aliyewahi kushuka na mzigo wa kuni kwenye miteremko ya Mufindi analijua hilo. Huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe.

Maji baridi husaidia hapo. Wanamichezo huzamisha miguu kwenye maji ya nyuzi joto 10 hadi 15, kwa dakika 10 hadi 15. Wa Dar es Salaam watanunua barafu. Sisi mwezi Julai ndoo iliyolala nje inatosha. Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza hisia za maumivu. Lakini inatuliza tu. Anayenyanyua vyuma ili ajaze misuli asiitumie kila siku, maana hupunguza kukua kwa misuli. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, au kisukari kilichomtia ganzi miguuni aongee kwanza na mganga wa zahanati.

Sasa turudi kwa Abebe. Mwaka 1968 alifika Mexico City mguu wake ukiwa umeumia kwenye mfupa. Akaanza mbio hivyo hivyo, na baada ya kilomita 17 hivi akatoka. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda. Katika mbio hizo hizo Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti, akamaliza wa mwisho akichechemea, na dunia inamheshimu hadi leo. Mimi pia namheshimu, ila sipendi kijana aige kukimbia na jeraha. Maumivu ya misuli husambaa pande zote mbili. Yakiwa sehemu moja juu ya mfupa, kukiwa na uvimbe, au ukishindwa kukanyaga, achana na ndoo, nenda kituo cha afya.

Machi 1969 Abebe alipata ajali ya gari. Alitibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, lakini hakutembea tena. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alishindana kurusha mishale. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41, akazikwa Addis Ababa, na Mfalme mwenyewe alikuwepo.