Elias Howe na Sindano ya Mkewe

Katika mji wa Lushoto, milimani Usambara, mafundi huketi barazani na cherehani zao, na miguu yao haina kituo. Mwezi wa Julai, baridi inapozidi, mtu aweza kuleta kitambaa asubuhi na kuvaa shati lake jioni. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1848, mmisionari Krapf alipopanda milima hiyo mpaka Vuga kumwona mfalme Kimweri, kila shati lililoonekana huko lilikuwa limeshonwa kwa mkono. Na mwaka uo huo, mtu aliyekwisha kuunda cherehani alikuwa katika mji wa London, maskini, mbali na kwao.

Mtu huyo ni Elias Howe, aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1819 katika kijiji cha Spencer, Massachusetts, nchi ya Marekani. Mwili wake ulikuwa dhaifu, lakini alipenda mashine. Akajifunza ufundi katika viwanda vya Lowell, kisha kwa fundi mmoja wa Boston. Huko karakanani alisikia ikinenwa kwamba atakayeunda mashine ya kushona atakuwa tajiri. Neno hilo likamkaa moyoni.

Alikuwa na mke na watoto watatu, na mshahara wake ulikuwa dola 9 kwa juma. Jioni alirudi amechoka, akajilaza. Mkewe, Elizabeth, hakulala. Alishona nguo za watu apate kuongeza chakula. Kazi hiyo ina taabu kuliko adhanivyo mvaaji, kwa maana shati moja la mwanamume lilitaka saa 14 na zaidi kwa mkono. Elias alilala macho, akiutazama mkono wa mkewe ukienda na kurudi.

Kwanza alikosea. Alitaka chuma kiige mkono, akafanya sindano yenye ncha mbili na tundu katikati. Haikufaa kitu. Mwaka 1844 akatambua kwamba mashine haina haja ya kushona kama mtu ashonavyo. Akatoboa tundu karibu na ncha. Sindano ikashusha uzi chini ya kitambaa, uzi ukafanya kitanzi, na chombo kidogo, mfano wa kile cha mfumaji wa nguo, kikapitisha uzi wa pili ndani yake. Nyuzi mbili zikakamatana.

Rafiki yake, George Fisher, akamkaribisha nyumbani kwake pamoja na jamaa yake, akatoa dola 500 kwa kazi ile. Mwezi wa Julai 1845 mashine ikashona mishono ya suti mbili za sufu, moja ya Elias na moja ya Fisher. Baadaye akashindana na wasichana watano hodari wa kushona, akawashinda wote. Watu wakastaajabu, wala hawakununua. Bei ilikuwa kubwa, tena washonaji waliogopa kukosa riziki, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Hati ya serikali ya kuilinda kazi yake aliipata tarehe 10 Septemba 1846.

Akaenda London kutafuta bahati, lakini aliyemwajiri hakukaa naye sana. Akamrudisha mkewe na watoto kwao. Mwenyewe akaweka rehani mashine yake na hati zake, na mwaka 1849 akavuka bahari akiwapikia abiria melini. Alipofika New York akapata habari kwamba Elizabeth yu mahututi kwa kifua kikuu. Hakuwa na nauli. Ikampasa kungoja mpaka baba yake alipompelekea dola 10. Akamkuta yu hai, lakini hakuishi sana. Siku ya maziko, mtu aliyeunda mashine ya kushona hakuwa na nguo ya kuvaa. Aliazima suti ya shemeji yake.

Utajiri ulikuja baada ya hayo. Aliwashitaki waliotumia ufundi wake bila idhini, akamshinda Singer mwaka 1854, na wenye viwanda wakamlipa kwa kila cherehani waliyoiuza. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1867, mwenye umri wa miaka 48. Siku hizo kiwanda kimoja kilikuwa kimekwisha kupima, kikaona kwamba shati lile la saa 14 lashonwa kwa mashine kwa saa 1 na dakika 16. Lakini mashine ya Howe haikujua kutia vifungo. Hata leo, barazani Lushoto, fundi akiisha kushona shati kwa cherehani, mara nyingi hutwaa sindano ya mkono avitie kimoja kimoja.